Matoleo mafupi ya disko si makombo

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala ya burudani katika gazeti lako kuhusu disko ya miaka ya sabini, na nimefurahi kwamba bado wapo wanaoandika habari hizo. Ila pale mwandishi aliposema kuwa anayetaka wimbo kamili atafute CD yenye toleo refu, kwa vile yale mafupi ni vipande tu, nimeshindwa kunyamaza. Sisi wa rika langu hapa Tororo tulizijua nyimbo zile kwa redio na kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zenye wimbo mmoja kila upande. Toleo fupi ndilo tulilolikariri, na ndilo linaloadimika kwenye CD.

Chukua "I Will Survive" ya Gloria Gaynor. Mwaka 1978 ilitoka ikiwa upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza, uliotegemewa na kampuni, ulikuwa "Substitute". Madijei ndio walioigeuza sahani. Kwenye albamu wimbo huo unakwenda dakika nane hivi, kwenye santuri ndogo ni tatu na ushei. "I Feel Love" ya Donna Summer nayo, kule Marekani mwaka 1977, ilianzia upande wa pili vilevile. Nyimbo mbili kubwa za disko, na zote zilitokea mlango wa nyuma!

Au sikiliza "Good Times" ya kundi la Chic, ya 1979. Toleo la albamu linazidi dakika nane, na katikati vyombo vinapukutika hadi besi ya mpigaji wao, Bernard Edwards, inabaki na ngoma, halafu vingine vinarejea kidogo kidogo. Ni sehemu tamu, sibishi. Lakini toleo la santuri ndogo, la chini ya dakika nne, halina nafasi ya mapumziko hayo. Linaingia, linakukamata, linaondoka wewe bado unataka. Ukiyacheza yote mawili kwa watu waliosimama tayari kucheza, utaona wanavyoyapokea tofauti.

Na kulifupisha si kazi ya kubahatisha. Zama hizo fundi wa studio alikata utepe kwa wembe, akaunga ncha mbili kwa utepe wa gundi, na mpigo wa ngoma ulipaswa kuangukia palepale. Akikosea kidogo tu, mchezaji anajikwaa. Mtu aliketi akaamua ubeti upi ubaki na vinanda vinyamaze wapi. Hayo ni maamuzi ya muziki, na yanastahili kuhifadhiwa kama tunavyohifadhi uimbaji wenyewe.

Tena si kila mara refu ndilo lililotangulia. Santuri ya inchi 12 kwa ajili ya madijei ilizuka New York katikati ya miaka ya sabini, kutokana na majaribio ya mchanganya muziki Tom Moulton, aliyegundua kuwa sahani ikiwa pana, mifereji inayobeba sauti hupata nafasi na sauti hutoka kwa nguvu zaidi. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ikauza madukani "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure, ambayo dijei Walter Gibbons aliivuta kutoka dakika chache hadi zaidi ya tisa. Kwetu huku tulizoea jambo jingine kabisa: rumba ndefu ikikatwa pande mbili, unageuza sahani ndipo upate sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Labda ndiyo maana tukisikia toleo fupi tunadhani kuna upande wa pili tulionyimwa.

Sasa, kwa nini CD nyingi hazina matoleo hayo? CD inabeba dakika 74 au zaidi, na wauzaji waliona wimbo mrefu unampa mnunuzi thamani ya pesa yake. Pia utepe wa toleo fupi mara nyingi uliwekwa mbali na ule wa albamu, na mwingine ulipotea. Basi mtengenezaji anachukua toleo la albamu, anafifisha sauti dakika ya tatu na nusu, kisha anaandika kwamba ni toleo la santuri ndogo. Siyo. Anayelijua atasikia mara moja kwamba kiitikio cha mwisho hakipo.

Baya zaidi ni nyimbo zilizorekodiwa upya. Katika kibanda kimoja Kampala niliuziwa CD yenye picha ya mpira wa vioo, majina ya waimbaji yameandikwa makubwa. Nyuma, chini kabisa, kwa herufi za kuhitaji miwani, wameandika kuwa wasanii wamerekodi tena. Mwimbaji ni yuleyule, lakini sauti imezeeka, ngoma ni za kompyuta na makofi ni makavu. Kisheria hawajadanganya. Ila aliyekuja kutafuta ujana wake ameondoka mikono mitupu, na hilo linaniuma.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kabla ya kulipa geuzeni kasha. Tazameni dakika za kila wimbo. Tazameni mwaka ulio kando ya herufi P ndani ya duara, kwani CD nzuri hutaja mwaka rekodi ilipotolewa mara ya kwanza na mwenye rekodi, wimbo kwa wimbo. Kama nyuma hakuna dakika wala mwaka, rudisheni. Mnaofika Nairobi, pale soko la Kenyatta santuri za zamani bado zinauzwa, na sahani yenyewe mkononi ndiyo shahidi wa kulinganisha na CD.

Ombi langu kwa redio zetu: mtangazaji anapocheza wimbo wa zamani, ataje ni toleo lipi. Na vituo vyenye santuri kwenye makabati vizihamishie kwenye kompyuta mapema, maana joto linapinda sahani na vumbi linakula mifereji. Uporaji wa 1979, Idi Amin alipoangushwa, ulishatupotezea makabati mengi ya santuri majumbani. Yaliyosalia tusiyaache yaishie stoo.

Mimi bado naitafuta "Ring My Bell" ya Anita Ward, 1979, ile fupi, kwenye CD safi. Ninazozipata zote ni za dakika nane. Aliye nayo, awe Arua, Mbale au Busia, naomba apeleke ujumbe ofisini kwako, Mhariri. Niko tayari kumpa nakala ya "Rasputin" ya Boney M, toleo la santuri ndogo, siyo ile ya albamu inayoungana na wimbo unaoitangulia.

Mpenzi wa santuri,
Tororo