Malalamiko kuhusu bomba la mashine ya kukaushia nguo kuelekezwa darini

Uyole, Mbeya
12 Mei 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: MASHINE YENU KUPULIZA MVUKE KWENYE DARI LANGU

Husika na somo tajwa hapo juu.

Tarehe 29 Machi nilinunua dukani kwenu mashine ya kukaushia nguo ya kilo saba, ile inayotoa hewa kwa bomba, nikalipia na ufungaji. Nakala za risiti zote mbili nimeambatanisha. Sababu ya kuinunua mhudumu wenu aliitaja kabla sijamaliza kusema: mvua za huku, ukungu wa asubuhi, sare za shule zinazokaa kwenye kamba siku tatu na bado zinanuka.

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Tatizo ni mlivyoifunga.

Fundi wenu alikuja tarehe 31. Mashine imekaa stoo, mgongo wake umeelekea ukuta wa nje; ukitoboa tofali la inchi sita, umetokea uani. Hakutoboa. Alisema drili aliyopewa haina kichwa cha kutoboa tundu la inchi nne. Akatoa bomba laini la plastiki, akalipandisha juu, akakata silingi bodi kwa kisu na kulitumbukiza darini. Nikamuuliza hewa itatokea wapi. Akanijibu, "Itajitafutia njia, mama."

Ikajitafutia kweli. Wiki ya tatu niliona alama ya rangi ya chai kwenye silingi bodi, ukubwa wa sinia. Nguo zilizokuwa zinakauka kwa saa moja na robo zikawa zinachukua karibu saa tatu, na uniti za LUKU zinayeyuka, maana mashine hiyo inakula wati 2,400. Wiki ya tano bodi ikaanza kubonyea. Tarehe 6 Mei nikamwita seremala wa mtaani apande. Alipoliinua bomba, maji yaliyotuama kwenye tumbo lake yakammwagikia kifuani, karibu jagi zima. Mdomo wa bomba ulikuwa umefungwa kwa solatepu kwenye kenchi, na manyoya ya nguo yametapakaa juu ya mbao na nyaya za umeme. Ya karibu na bomba yamelowa kama uji. Ya mbali yamekauka, mepesi kama sufi ya mto uliopasuka. Anayewasha jiko la mkaa kila asubuhi anajua kitu cha namna hiyo kikipata cheche kinafanya nini. Watoto wangu wanalala chumba cha pili.

Nilipowapigia simu, mliniambia ni baridi ya Mbeya. Ni kweli mvuke ukigusa bati la baridi unageuka maji. Hata mfuniko wa sufuria unafanya hivyo. Ndiyo maana bomba linatakiwa litoke nje! Na baridi hii hamkuikuta jana, mmefungua duka humuhumu.

Kabla ya kuizima nilipima kapu la nguo kwa mizani ninayouzia viazi. Zikiingia zimelowa zina kilo tisa, zikitoka kavu zina sita. Lita tatu za maji kila mzunguko, mizunguko minne kwa wiki, wiki tano: lita 60. Mmenimwagia ndoo tatu kubwa juu ya dari.

Kitabu cha maelekezo nilikikuta ndani ya pipa la mashine, bado kwenye nailoni yake. Kinakataza bomba la plastiki. Kinataka bomba la chuma lililonyooka, fupi, lenye kona chache, kwa kuwa kila kona inapunguza nguvu ya hewa na kukusanya manyoya. La kwangu lina kona tatu.

Fundi msimfukuze. Ni kijana mwenye adabu, na hakuna aliyempa kifaa wala kitabu. Aliyemtuma mikono mitupu ndiye ningependa kumsikia.

Ninachotaka ni mje mtoboe ukuta na kuweka bomba la chuma, na mdomo wake uwe na kifuniko kinachofunguliwa na upepo wa mashine yenyewe. Msiweke wavu, utaziba kwa manyoya. Msafishe dari, mlete fundi umeme akague nyaya, na mlipie bodi zilizoharibika. Makadirio ya seremala nimeyaambatanisha. Ile shilingi 60,000 mnayodai ya "kuja mara ya pili" sitailipa, maana kazi ya mara ya kwanza haijafanyika.

Nawapa siku 14. Zikipita, barua hii pamoja na picha nitaipeleka Tume ya Ushindani.

Mashine nimeichomoa, na nguo zimerudi kwenye kamba, safari hii sebuleni. Mkija, njooni na drili yenye kichwa cha inchi nne.

Wenu,

(saini)
Mteja, Uyole