Kilomita 12 nilizobakiza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nikakaa chini, mara ya tatu nikatafuta kalamu, maana haya si mambo ya kujibiwa kwa kidole gumba kwenye simu. Unataka kukimbia kilomita 100 uwachangishie watoto wenye saratani. Sikuzuii. Ningekuzuia kwa mdomo upi, mimi ambaye utoto wako wote umeamka ukikuta viatu vyangu vya mbio vimeanikwa dirishani?

Kilichoninyima usingizi ni sentensi yako moja tu: "Nitamaliza hata kwa kutambaa, siwezi kuwaangusha watu walioniahidi kwa kila kilomita."

Kuna jambo ulifichwa. Ulikuwa na miaka sita, ukaambiwa mama amesafiri. Sikusafiri. Nililazwa siku nne, dripu mkononi, mkojo wangu ukipimwa kila baada ya saa chache kama wa mtoto mchanga. Baba yako ndiye aliyetunga hiyo safari, na ukweli ni kwamba aliitunga vibaya, kwa sababu ulikuwa ukiniuliza kwa wiki nzima mbona sijarudi na zawadi.

Nami nilikuwa nachangisha, fedha za vifaa vya kuwasaidia watoto njiti kupumua. Nikajiona mjanja kuliko wote: badala ya kuomba mchango mmoja, nikaomba watu waahidi kiasi fulani kwa kila kilomita nitakayomaliza. Waliahidi wengi, kwa sababu ahadi ya namna hiyo inachangamsha. Sikuona nilichojifanyia. Kila kilomita ilikuwa imeshakuwa na bei, na kila hatua nisiyoipiga ilikuwa kama naichomoa pumzi puani mwa mtoto fulani.

Hadi kilomita ya 50 nilikuwa nacheka na watu njiani. Baada ya hapo njia ikaanza kuteremka. Kumbuka hili: kuteremka ndiko kunakochana misuli, si kupanda, kwa sababu paja linavutwa huku limekazwa kuuzuia mwili usiporomoke. Ilipofika ya 60 mapaja yalikuwa mawe. Nikameza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, ibuprofeni, na kituo kilichofuata nikameza vingine viwili. Sikujua kwamba dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na kwamba siku ambayo mwili umekaukiwa na maji ndiyo siku mbaya kuliko zote za kuzimeza. Nadhani hata ningejua ningezimeza.

Kilomita ya 72 niliingia kichakani kukojoa. Ulitoka kidogo, mweusi kama kahawa. Niliuangalia, nikasema ni upungufu wa maji tu, nikarudi njiani. Simu ikalia mfukoni. Mtu kwenye kundi letu ameandika, "Zimebaki 28, tunakuhesabia!" Nikapiga hesabu kichwani, 28 mara fedha za kila mmoja, nikaendelea kukimbia. Kukimbia nakuita kwa heshima. Mzee mmoja aliyekuwa anatembea na mbwa wake alinipita.

Kituo cha maji cha kilomita ya 88 niliketi kufunga kamba ya kiatu, na kunyanyuka kukanishinda. Mama mmoja wa kujitolea alichuchumaa mbele yangu. Hakuniuliza najisikiaje. Aliuliza, "Umekojoa lini mara ya mwisho, na ulikuwa na rangi gani?" Nikamwambia. Hakubishana nami, wala hakunipa maneno ya moyo. Alichomoa pini moja, ya pili, ya tatu, ya nne, akaitoa namba yangu kifuani, kisha akaziweka zile pini nne kiganjani mwangu na kunifumba vidole. Ndivyo nilivyotolewa mashindanoni. Nililia mpaka kwenye gari la wagonjwa, na aibu yangu ni kwamba nilikuwa nazililia kilomita 12, si figo zangu.

Daktari alinieleza baadaye kwa lugha nyepesi. Misuli ikivunjika kupita kiasi, humwaga protini yake kwenye damu, na kazi ya kuichuja ni ya figo. Ikizidi, figo zinaelemewa, na wapo wanaoishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Mimi niliponea maji mengi ya dripu na bahati.

Sasa waliochangia. Nilitoka hospitali nikaandika ujumbe wa kuomba radhi, nikamwambia kila mtu alipe kilomita 88 tu. Karibu wote walilipa 100. Mmoja nilijaribu kumrudishia zile 12, akanijibu kwa ukali kidogo, "Kwani mimi nilikuwa nanunua miguu yako?" Aliyekataa kulipa ni mmoja, yule aliyekuwa anapiga kelele za kunihesabia kwenye kundi, na sidhani kama angelipa hata ningemaliza.

Wahenga wamesema ahadi ni deni, na wewe nimekulea kwa msemo huo, kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu. Lakini tazama deni lenyewe ni lipi. Ulichowaahidi watu ni kwamba fedha yao itafika kwa wale watoto bila kupungua, na kwamba utajitahidi. Figo haimo kwenye mkataba.

Kama hujawahi kusoma habari za Terry Fox wa Kanada, zisome. Mwaka 1977 alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 aliuchovya mguu wake wa bandia katika maji ya Atlantiki, akaanza kuivuka nchi yake kwa mbio, karibu marathoni nzima kila siku, akitaka dola moja kwa kila Mkanada kwa ajili ya utafiti wa saratani. Alikwenda siku 143, kilomita 5,373. Tarehe 1 Septemba, karibu na Thunder Bay, kikohozi na maumivu ya kifua vikamsimamisha; saratani ilikuwa imefika mapafuni. Bahari ya Pasifiki aliyoikusudia hakuifikia. Siku anasimama, mfuko ulikuwa na dola kama milioni 1.7. Februari 1981 ulipita milioni 24, na Kanada wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 24. Alifariki Juni mwaka huohuo akiwa na miaka 22.

Watu hupenda kuzitaja kilomita zake. Mimi huwaza ile siku ya Septemba, kijana anapanda gari na safari haijaisha, na fedha zilizo nyingi zikawa bado ziko mbele. Ila usije ukajilinganisha naye ukanijibu kwamba hata yeye alikimbia na maumivu. Yeye alikuwa anakimbizana na kitu kingine. Wewe una mapafu mazima na Jumatatu ya kurudi kazini.

Kwa hiyo leo, kabla hujaenda mazoezini, waandikie waliokuahidi. Waambie mchango ni mmoja, haubadiliki, umalize ama usimalize. Atakayejitoa kwa sababu hiyo, mwache aende na amani. Yuko Mwingereza mmoja, Russ Cook, aliyeikimbia Afrika kutoka ncha ya kusini hadi ya kaskazini, zaidi ya kilomita 16,000 kwa siku 352, akamaliza Tunisia Aprili 2024; alipanga kutumia siku chache kuliko hizo. Mgongo ulimgomea, akaporwa kwa bunduki, akakwama kwa ajili ya viza. Alipumzika ilipobidi, mpango ukavunjika, na bado alichangisha zaidi ya pauni milioni moja.

Kuhusu fedha zenyewe sina mengi. Ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya taasisi, zisipitie kwako hata kwa usiku mmoja. Ada ya kushiriki, viatu na nauli ulipe mwenyewe, na uwaambie watu kuwa umelipa mwenyewe. Kama unaingia kwa zile nafasi za hisani ambazo waandaaji huzigawa kwa mashirika, soma masharti mpaka mstari wa mwisho, kwa kuwa huwa na kiwango cha chini cha kuchangisha, na pengine kinachopungua kitadaiwa kwako. Ukimaliza, toa hesabu hata kama hakuna aliyeidai.

Mwili ndio wenye maneno mengi.

Chukua viatu vilivyozidi nusu saizi, maana ukishakimbia kwa muda wa saa sita mguu huvimba. Ukihisi joto sehemu moja ya unyayo, hilo ni lengelenge linalojitayarisha. Simama hapohapo, vua, futa mchanga, bandika plasta. Dakika tatu za wakati huo zitakuokolea saa nzima baadaye. Jipake mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kwenye chuchu. Usicheke, utakumbuka siku maji ya kuoga yatakapokugusa.

Milima itembee. Kuna vijana wanaona aibu kutembea. Utawakuta mbele wameketi. Kula kabla ya njaa, kidogo kidogo kila nusu saa, na ule vitu ulivyokwisha kuvizoesha tumbo mazoezini, kwa kuwa tumbo linalotikiswa kwa saa kumi linachagua kuliko mtoto mgonjwa.

Na maji. Hapa wengi wanajua nusu. Wanaogopa kukauka, basi wanakunywa kila kituo mpaka tumbo linalia. Maji mengi kupita kiasi huizimua chumvi ya damu, ubongo ukavimba, na watu wamekufa kwa hilo wakiwa na chupa mkononi. Kunywa kiu inapokwambia. Ukiona pete imekubana kidole, kichwa kinauma, kichefuchefu hakiishi na tumbo linabubujika maji, usiongeze hata kikombe; nenda kwa mganga wa kituo. Vidonge vya maumivu uviache nyumbani. Siviweki kwenye mjadala.

Halafu kuna muda wa mwisho. Kule Afrika Kusini kuna mbio za Comrades, zilizoanza 1921 kwa kumbukumbu ya askari wa vita kuu ya kwanza, karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Saa 12 zikitimia tangu mbio zianze, mtu mwenye bastola huwapa mgongo wakimbiaji, akafyatua, na njia ikafungwa. Aliyebakiza hatua tatu amebaki nje. Niliwahi kuitazama saa hiyo kwenye televisheni nikaikasirikia sana. Siku hizi naielewa: yule mtu hataki kuona nani anakuja, maana akimwona atamwonea huruma. Pale kwenye kilomita ya 72 mimi nilikuwa na huruma nyingi mno na ahadi zangu, na hapakuwa na mtu wa kunipa mgongo.

Ndiyo maana nimeomba ruhusa kazini. Nitumie ramani ya njia na orodha ya vituo. Nitakuwa kile kilicho karibu na kilomita ya 70, na kiti, soksi kavu na jozi ya pili ya viatu. Baba yako atashika tochi, mwambie mapema asije na maneno yake ya "kaza kidogo tu." Zile pini nne bado ninazo kwenye kopo la vifungo, nitakuja nazo ufungie namba yako.

Ukifika nitakuuliza rangi ya mkojo mbele za watu wote, kwa sauti. Uwe na jibu.

Mama yako