Majengo ya ghorofa yatenganishwe na ardhi

Ndugu Mhariri,

Kila tetemeko likipita, tunajadili nondo na saruji tu. Lakini jengo gumu hubeba mtikisiko wote, na ghorofa za juu ndizo hutikisika zaidi. Kwa nini tusilikalishe juu ya pedi za mpira zilizopangwa tabaka kwa tabaka na bamba za chuma, zenye kiini cha madini ya risasi? Ardhi ikicheza, pedi hupinda. Jengo husogea taratibu.

Mwaka 1994, tetemeko lilipopiga Los Angeles, Marekani, hospitali moja ya huko iliyojengwa hivyo iliendelea kuhudumia wagonjwa.

Ila nafasi inayozunguka jengo isizibwe, ili lipate pa kusogea (mafundi hupenda kuziba!), na mabomba yanayoivuka yaweze kunyumbulika. Hospitali zianze kujengwa hivi.

Msomaji wako