Barua kwa mwanangu anayekwenda kuoa

Tororo

Mwanangu mpendwa,

Nimepata habari kwamba wazee wa mji wa Kumi, kwa wakwe zako, wamekubali kutupokea mwezi ujao, nawe unaniomba nikueleze yanayompasa mwanamume kuyajua kabla hajaketi mbele ya wakwe. Mambo ya ng'ombe, mbuzi na gomesi, lile vazi la heshima la mama mkwe, baba zako wadogo wanayafahamu kuliko mimi, na watakuongoza. Mimi nimefundisha fasihi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nitakuandikia ninachokijua, yaani jinsi mke alivyosimuliwa vitabuni na alivyotendewa katika historia. Naona habari hizo zinakuhusu wewe, mume mtarajiwa, kuliko zinavyomhusu yeye.

Katika kufundisha, jambo moja lilinisumbua kila mwaka. Mawaidha ya ndoa, tangu zamani, humwendea binti. Waganda wana ssenga, shangazi anayemfunda msichana namna ya kupiga magoti, kupokea wageni na kumpendeza mume; makabila mengine yana shangazi au bibi anayefanya kazi hiyo hiyo. Kijana wa kiume hupewa orodha ya vitu vya kupeleka, akishavipeleka huhesabiwa kuwa amehitimu.

Uutazame Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona aliutunga yapata mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Akamwita binti yake, akamwagiza wino na karatasi, akaanza kumwachia wasia. Anamwambia kwamba radhi zimpasazo kuzitafuta ni za Mungu, Mtume, baba, mama na mume, na kwamba siku ya kufufuliwa mume ndiye atakayeulizwa mkewe atendewe nini. Kisha anaingia ndani kabisa ya chumba: mume akilala asiamshwe, bali mke amkae karibu, ampapase, na asikose mtu wa kumpepea, atunzwe kama mtoto asiyejua kunena. Sikubaliani na wanaomsoma mama huyu kama mtumwa wa wanaume. Alikuwa na elimu, alijua nyumba zinavyoendeshwa na nguvu iko mikononi mwa nani, na alimpa bintiye silaha pekee aliyoamini kwamba itamfaa. Lakini kila nikimaliza kuusoma huuliza: yule mwanamume anayepepewa, yeye aliusiwa nini, na nani? Shaaban Robert ni mmoja wa wachache waliomwandikia mwana wa kiume utenzi wake kama alivyomwandikia binti, na alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa shairi ambalo kila mwanamume mwenye ndoa angefaa kulisoma.

Pengo hilo katika malezi ya wanaume utaliona wazi katika riwaya zetu. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, Regina anabeba nyumba nzima na kupigwa na Zakaria, mume mlevi. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Maksuudi, mtu wa kuheshimiwa mjini, anamfungia mkewe ndani. Hakuna hata mmoja kati ya wanaume hao aliyekosa mke mtiifu. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba mke ana haki juu yao.

Kwa upande wetu wa Uganda, sauti ya mke inayosikika kuliko zote ni ya Lawino, katika Song of Lawino, utenzi wa Okot p'Bitek wa Gulu uliochapwa kwa Kiingereza mwaka 1966. Ninakuomba uusome polepole, usiuchukulie kama ugomvi wa mila na uzungu tu, jinsi unavyofundishwa kwa ajili ya mtihani. Sikiliza kwanza kile anachokilalamikia. Mumewe Ocol amemleta Clementine, na Lawino anasema hamzuii kuoa mke wa pili, kwa kuwa desturi ilimruhusu. Kinachomchoma ni kudharauliwa: kuitwa mjinga mbele ya watu, kusikia ndugu zake wakitukanwa, kuchekwa kwa sababu hajui kusoma saa wala kutumia jiko la kizungu. Anaorodhesha matusi yale moja baada ya jingine kwa kumbukumbu ya mtu ambaye hakusahau hata neno. Ocol alipopewa nafasi ya kujibu, katika kitabu cha mwaka 1970, alijibu kwa kejeli na hasira dhidi ya Afrika nzima, na swali la mkewe, kwa nini unanidharau, likabaki pale pale. Mwanaume aliyesoma kama wewe anapaswa kuogopa kuwa Ocol kuliko anavyoogopa kuwa Zakaria, maana dharau haiachi alama usoni, na jirani hawezi kuja kuamulia.

Sheria nayo ilikuwa na dharau yake. Mwaka 1917, katika nchi ambayo sasa ni Kenya, Jaji Hamilton aliamua katika kesi ya Amkeyo kwamba ndoa ya kimila haiwezi kuhesabiwa ndoa, kwamba ni ununuzi wa mke tu. Hukumu ile inaniuma mara mbili: kwanza kwa jinsi ilivyowadharau bibi zetu, pili kwa sababu wapo wanaume wetu ambao hadi leo wakikasirika husema maneno yale yale ya jaji, "nilikununua." Wala sheria ya kizungu yenyewe haikuwa na haki zaidi. Chini ya Sheria ya Talaka ya mwaka 1904, mume wa Uganda alitakiwa kuthibitisha zinaa ya mkewe tu, lakini mke alitakiwa kuthibitisha zinaa pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Katiba ya mwaka 1995 ilitamka katika ibara ya 31 kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika, lakini ilichukua hadi mwaka 2004 Mahakama ya Katiba kuukataa ubaguzi huo wa talaka.

Usidhani wake walikaa kimya wakingoja mahakama. Irene Namaganda, mjane wa Daudi Chwa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, na mama yake Kabaka Mutesa wa Pili, alikuwa Namasole, yaani mama wa mfalme, na desturi ya Buganda haikumruhusu Namasole kuolewa tena. Mwaka 1941 aliamua kuolewa, tena na mtu asiye wa ukoo wa kifalme. Kanisa lilimkubalia, Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa akakubali, na ghadhabu iliyozuka Mengo, makao ya ufalme, ilimlazimisha Katikiro kujiuzulu. Ninamheshimu sana mama huyo. Mjane wa mfalme alitaka kitu ambacho mwanamume yeyote aliyefiwa na mke huruhusiwa bila hata kuulizwa, na serikali ya Buganda ikatikisika.

Sasa nirudi kwenye ng'ombe. Ulikuwa bado mdogo jirani yetu mmoja aliporudi kwao alfajiri, jicho limefumba kwa uvimbe, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimekwenda kuteka maji, nikamsikia kaka yake mlangoni. Kabla hajamwambia karibu, alimkumbusha kwamba ng'ombe wa mahari yake walikwisha kwenda kwa wakwe wa kaka huyo, na kwamba hana wengine wa kumrudishia mume. Jua lilipopanda alikuwa njiani kurudi kwa mume. Shirika la Mifumi, la hapa hapa Tororo, lilipeleka suala la mahari mahakamani, na Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahari yenyewe haipingani na Katiba, lakini kudai irudishwe ndoa inapovunjika kunapingana nayo. Kwa hiyo peleka mahari, ni heshima kwa waliomlea. Ila ujue kwamba unayempelekea mahari hawi dhamana ya mifugo.

Nataka wazee wetu walitamke hilo waziwazi mbele ya wazee wa Kumi, na liandikwe katika daftari lile lile litakaloandikwa idadi ya ng'ombe, kwamba ukoo wetu hautadai kurudishiwa chochote. Baba yako mkubwa alisita mwanzoni. Tumezungumza naye, na amekubali kulisoma yeye mwenyewe. Pia mwombe shangazi wa mchumba wako akae na wewe saa moja faraghani, kama atakavyokaa na mpwa wake, akwambie binti yao kalelewa vipi, kitu gani humuumiza, na anapokasirika huhitaji nini. Huenda atashangaa, kwa kuwa hajawahi kuombwa hivyo na bwana harusi. Nitakwenda Kumi siku mbili kabla yenu, nimweleze kwamba ombi hilo ni letu sote wawili.

Mama yako