Yule mzee wa kibandani kwako

Tanga,
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Barua yako nimeipata na salamu za mama nimezifikisha. Kacheka sana, anasema siku hizi anayeandika barua kwa kalamu anatafuta kusifiwa. Basi nami nakujibu kwa kalamu, tusifiwe wote.

Umejaza kurasa ukilalamika huna cha kuandika. Eti unashinda kwenye kibanda chako cha uwakala wa hela za simu huko Morogoro, weka, toa, mtandao umekata, mtandao umerudi, na hadithi wanazo wanaosafiri. Halafu mwisho kabisa, karatasi imebaki nafasi, ukachomeka habari ya yule mzee anayetumiwa hela na mwanawe kila mwisho wa mwezi. Anatoa zote, anahesabu mara mbili, kisha anakusogezea noti kadhaa umwekee mtu, na namba anayokutajia ni ile ile iliyomtumia. Ukaandika "wazee wana vituko," ukaaga.

Shoga, na hiyo je? Unaitupa huko chini kama nyongeza ya pilipili?

Hebu itazame. Ungesema anakwepa makato, lakini ya kutolea amekwishakatwa. Na ule mwaka 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, wateja wako walikuwa wanagombania hata mia mbili, wengine wakarudi kupeleka hela kwa makondakta wa mabasi. Huyu hajali. Tena angeweza kuzirudisha kwa simu yake akiwa kitandani. Ila ukimwekea wewe, mtoto huko aliko anaona meseji ya wakala tu, jina la baba halimo. Mimi hapo ndipo niliposhtuka. Nani anafichwa, mtoto au mtu wa nyumbani anayetaka kuona mzigo wote umetolewa? Na huyo mtoto, je, hajiulizi huyo wakala anayemwekea hela ni wa wapi?

Nakuomba usimuulize. Akikujibu utakuwa umepata umbea, na hadithi imekwisha. Pengine jibu lenyewe ni dogo, labda anamlipa deni la simu.

Wala usimwandike alivyo. Siri ile kaiacha dirishani kwako kwa sababu hana pa kuipeleka pengine. Ukibadilisha jina ukamwachia baraghashia na kikohozi chake, mtaa mzima utamjua kabla hujafika ukurasa wa pili. Mfanye mama. Mhamishie Korogwe. Muondolee hata uzee ukitaka. Kinachotakiwa kubaki ni ule mkono unaosogeza noti.

Halafu unasema mtu hawezi kuandika asichokiishi. Mgomo wa makuli wa Zanzibar ulikuwa 1948. Adam Shafi wakati huo alikuwa mtoto mdogo, hakubeba gunia hata moja, na riwaya yake ya Kuli, inayousimulia mgomo huo, ikatoka 1979. Wewe kibanda unacho na mteja unaye. Umemzidi kwa hilo.

Mimi huku saluni nakusanya vitu vidogo vidogo. Mwaka jana alikuja dada nywele zimesukwa jana yake, rasta mpya kabisa, akataka zifumuliwe zote. Hakusema kwa nini na mimi sikuuliza. Nikaandika hadithi yake nikampa mchumba mbaya, machozi, kila kitu, ikawa tamthilia ya redioni, hata mimi ilinichosha. Nikaiacha. Ikaja kufufuka nilipomtoa yule dada katikati nikamweka msichana wa kufumua, anayekusanya zile rasta taratibu maana anajua zinafaa kusukiwa tena, na anaomba moyoni mwenye nywele asije akasema "nifungie niondoke nazo." Mchumba hakuhitajika tena.

Kwa hiyo nakushauri mtazame na huyo wakala. Yeye anaona daftari, anajua tarehe, anajua kiasi. Siku mwisho wa mwezi umefika, hela ya mtoto haijaingia, na mzee bado amekuja na noti zake mfukoni akitaja namba ile ile, wakala anafanya nini? Anamwekea na kunyamaza? Au anaipiga ile namba?

Mazungumzo yao andika usiku huo huo kabla hayajapoa, halafu punguza. Watu wetu wakianza "habari za nyumbani, watoto, kazi, mvua," ukiziandika zote karatasi itaisha salamu hazijaisha. Bakiza moja. Ile ya mvua ni nzuri, maana mzee anaweza kuizungumzia mvua ili asiulizwe lingine.

Nitumie kurasa mbili tatu hata kama ni mbovu. Na ukipata mtu anayeshuka Tanga, mpe daftari zima, mimi nitampa dagaa na nazi akurudishie. Kalamu nyekundu ninayo, usiogope.

Mama anasema kitenge chake hujakituma mpaka leo.

Shoga yako wa saluni