Picha zile msizichome

Silver Spring, Maryland

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, baridi ndiyo imeanza. Habari ya mabati nimeipata, na hela nimekwishatuma jana kwa namba ya Shemeji, shilingi laki nne. Zikipungua niambie mapema, si mpaka fundi awe ameshapanda juu. Kazi ni ileile ya usiku, alhamdulillahi.

Sasa nije kwenye lililoninyima usingizi. Umenitajia kwa maneno mawili tu, katikati ya habari za mabati, kwamba Baba Mdogo anataka kasha la marehemu Baba litolewe chumbani na picha zichomwe kwa sababu mchwa wameingia. Dada, nakuomba. Msizichome.

Hujui ninakokwenda siku zangu za mapumziko. Mimi mdogo wako, niliyeishia kidato cha nne, nina kadi ya msomaji ya Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoko Washington, kadi yenye sura yangu! Hailipiwi, ukishatimiza miaka 16 na kitambulisho unacho, unapewa. Maktaba hiyo Waingereza waliiteketeza mwaka 1814, na mwaka uliofuata Bunge likanunua vitabu 6,487 vya Thomas Jefferson wakaanza upya. Tena wana ofisi Nairobi tangu 1966, inawakusanyia vitabu na magazeti ya kwetu. Magazeti tunayofungia maandazi, Dada, wenzetu wanayatunza.

Kwenye chumba cha picha mkoba unauacha nje, kalamu ya wino hairuhusiwi. Humo mna makabati yenye picha zaidi ya laki moja, nyingi zilipigwa na wapiga picha wa serikali kuanzia 1935, enzi za dhiki yao kubwa. Unatafuta mwenyewe kwa mikono yako. Wazungu wamevaa viraka, watoto hawana viatu, familia nzima inalala chini ya turubai. Nyumbani nani angeniamini?

Ipo ya mama mmoja wa California, mmoja wa wapiga picha hao, Dorothea Lange, alimpiga picha mwaka 1936 kwenye kambi ya wachuma njegere, baridi kali imeua mazao. Watoto wawili wamemwegemea, wamegeuza nyuso. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima, lakini mpigaji hakumuuliza jina. Mpaka 1978 ndipo watu wakajua kuwa anaitwa Florence Owens Thompson, na yeye mwenyewe akalalamika kwamba hakuwahi kupata hata senti.

Ila ninayemrudia kila nikienda ni Ella Watson. Mweusi, msafishaji wa ofisi za serikali hapohapo Washington. Mpiga picha Gordon Parks alimpiga picha mwaka 1942, amesimama mbele ya bendera, fagio la mpini mrefu mkononi, dekio limesimama ubavuni. Hakuishia hapo, akamfuata mpaka nyumbani kwake na kanisani, akampiga picha na wajukuu. Na jina lake limeandikwa. Siku ya kwanza niliitazama ile mikono mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama nahitaji msaada.

Mkuu wa wapiga picha wale, Roy Stryker, picha asiyoitaka aliitoboa tundu kwenye filamu isitumike tena. Nimeziona kwenye kompyuta zao, mtu yuko shambani, badala ya uso pana duara jeusi. Nikamkumbuka Mama Mkubwa. Hili tuliseme leo, maana tumelinyamazia miaka. Nani alimkata kwa mkasi kwenye picha ya arusi ya Kaka? Mimi nilikuwa nimeshaondoka, nikasikia nimesingiziwa. Wallahi si mimi. Yule mama alinilea miaka mitatu, nilikuwa nalala mgongoni kwake. Na hata hiyo iliyokatwa msiitupe, kwani hawa zile zilizotobolewa wamezihifadhi.

Shangazi ndiye pekee aliyebaki anayewajua wale wanaume wanne waliosimama na Babu mbele ya korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge. Mpeleke Zuhura kwake wiki hii. Aandike kwa penseli nyuma ya kila picha, taratibu, asikandamize, kila jina atakalotaja Shangazi, na mahali. Mchwa wapanguseni kwa brashi laini, kisha picha ziingie kwenye bahasha za karatasi, si mifuko ya plastiki. Hela ya bahasha nitatuma na ya soda ya Shangazi.

Ile ya Bibi, aliyokaa studio na nyuma yake mnazi wa kuchorwa, usiichanganye na nyingine. Ichukue leo, kabla Baba Mdogo hajarudi kutoka msikitini, uiweke chini ya nguo zako. Halafu ipige kwa simu unitumie. Nimejaribu usiku kukumbuka kama alikuwa amevaa kanga au baibui, nimeshindwa.

Jumapili niko nyumbani. Nipigie baada ya isha.

Mdogo wako