YAH: Malalamiko kuhusu kompyuta mpakato iliyoandikiwa "kioo kimekufa" ilhali kioo ni kizima

Newala,
Mkoa wa Mtwara.
25 Novemba 2024

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 15 Juni 2024 nilinunua kwenu kompyuta mpakato kwa shilingi 1,280,000, ikiwa na waranti ya miezi 12. Nakala ya risiti ya EFD na ya kadi ya waranti nimeziambatanisha. Tarehe 4 Novemba karakana yenu ilinijibu hivi: "Kioo kimekufa. Kifaa kimeangushwa na kimefunguliwa na mteja. Waranti haihusiki. Kioo kipya 430,000." Kioo hakikufa, kompyuta haikuanguka, na mimi sikuifungua. Naomba unisome mpaka mwisho, maana kila ninachokisema hapa nina picha au video yake.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi, sisi hatulali. Mzigo unapokelewa, unapimwa, unaandikwa kwa jina la mkulima, unapelekwa ghala kuu, unauzwa mnadani kwa mfumo wa Soko la Bidhaa (TMX), kisha fedha zinaingia kwenye akaunti ya mkulima mwenyewe. Namba ya akaunti ikikosewa tarakimu moja, mzee wa watu atakuja ofisini kila asubuhi kuulizia hela yake, na mimi ndiye nitakayemtazama usoni. Orodha hizo zote nazitunza kwenye kompyuta hii niliyoinunua kwa fedha yangu.

Alfajiri ya tarehe 10 Oktoba niliiwasha kama kawaida. Taa ya kitufe ikawaka, feni ikavuma, nikasikia hata mlio wa Windows ikifunguka, lakini kioo kikabaki cheusi. Moyo ulinienda mbio. Nilitaka kuizima kwa nguvu, kijana wangu wa kidato cha tatu akanizuia: "Mama, usiizime. Tuzime taa ya chumba kwanza." Akawasha tochi ya simu, akaielekeza kwenye kioo kwa ubavu. Ndani ya ule weusi tukaona mafaili yangu yote yamekaa mahali pake, hafifu kama maandishi ya penseli kwenye ubao. Nikasogeza kipanya, mshale ukasogea.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote, Ndugu Meneja. Kioo cha LCD hakina mwanga wake. Kazi yake ni kuchora picha tu, na mwanga unatoka kwenye mstari wa taa ndogo za LED zilizopangwa ukingoni, ukasambazwa nyuma ya picha na bamba la plastiki. Kinachoonekana kwa tochi ni picha iliyokosa taa. Kioo kilichokufa hakichori kitu, umulike kwa tochi au umulike kwa jua.

Sikuishia hapo, kwa sababu sikutaka kuwapigia simu na kuwapotezea muda kwa jambo dogo. Nilibonyeza vitufe vya kuongeza mwangaza, hakuna mabadiliko. Nikachomoa chaja, nikaizima, nikashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani utoke, nikaiwasha tena: giza lile lile. Nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio unaotangulia kabla Windows haijafunguka, nako giza, ila kwa tochi maandishi yanasomeka. Kwa hiyo tatizo halikuwa programu wala Windows.

Jioni nikaibeba mpaka kwa jirani yetu, mzee mmoja mstaafu mwenye televisheni ya kisasa, nikaiunganisha kwa waya wa HDMI. Picha ikatoka safi, rangi zote, hakuna kukatika. Maana yake sehemu inayotengeneza picha ni nzima. Nikafunga mfuniko, kompyuta ikalala, nikaufungua, ikaamka. Maana yake kile kihisio kinachotambua kama mfuniko umefungwa nacho kinafanya kazi, si kwamba kompyuta ilidhani imefungwa ndiyo maana ikazima taa.

Kilichonifungua macho kilitokea tukiwa hapo hapo kwa mzee. Wakati wa kuufungua mfuniko taratibu, kioo kiliwaka! Kiliwaka vizuri kabisa, mwangaza wa siku zote, mfuniko ukiwa umeinuliwa kama nusu hivi. Nilipouinua zaidi ili nione vizuri, kikazima. Nikaurudisha, kikawaka. Tulirudia mara nane, na mara zote nane taa ilikatika mahali pale pale, na ukigusa kidogo karibu na bawaba ya kushoto inapepesa. Video ya jambo hilo ina dakika 2 na sekunde kadhaa, imerekodiwa kompyuta ikiwa kwenye betri tu, bila chaja.

Mtu yeyote aliyewahi kuwa na earphone inayosikika ukiikunja waya tu ataelewa kinachoendelea. Kutoka kwenye ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, kwenda kwenye kioo kuna kebo nyembamba inayopita kwenye bawaba. Kebo hiyo ndiyo inayobeba picha, na ndiyo hiyo hiyo inayobeba umeme wa zile taa za LED pamoja na amri ya kuziwasha. Kila unapofungua na kufunga, inajikunja. Nyuzi za taa zikichubuka, picha inaweza kuendelea kupita huku mwanga umekatika. Niliwaza pia juu ya fyuzi ndogo ya taa iliyoko kwenye ubao mama, kwa sababu nayo ikiungua huleta giza kama hili. Lakini fyuzi ikiungua imeungua, hairudi kwa kuinamisha mfuniko.

Sikugusa skrubu hata moja, kwa sababu waranti yenu inakataza. Nilipiga picha sehemu ya chini ya kompyuta, skrubu zote 9 zipo na stika yenu ya muhuri haijachanika. Nikaandika karatasi ukurasa mmoja kueleza niliyoyaeleza hapa, nikaiweka ndani ya boksi, na tarehe 15 Oktoba nikaituma kwa basi, shilingi 15,000. Tarehe 17 mkathibitisha mmeipokea.

Ukimya ukaanza. Nilipiga simu mara sita. Mara ya tatu dada wa mapokezi aliniambia fundi hajaiangalia bado. Mara ya tano nikaunganishwa na fundi mwenyewe, nikamuuliza kama amesoma karatasi yangu. Akanijibu, "Dada, sisi hapa tunabadilisha kioo, hizo karatasi hatusomi." Akaongeza kwamba huko kwetu kusini kuna vumbi na umeme wa shida, ndiyo maana vifaa vinakufa.

Maneno hayo yaliniuma. Vumbi lipo, sikatai, na asubuhi nyingi huku juu ya uwanda wa Makonde ukungu unaingia mpaka ndani. Ndiyo sababu kompyuta yangu inalala ndani ya begi, na chaja naichomeka kwenye kifaa cha kukinga umeme. Lakini hitilafu ya umeme haichagui pembe ya mfuniko. Kompyuta ilikuwa kwenye betri, taa ikawaka na kuzima kwa kuinuliwa na kushushwa. Fundi angeinua mfuniko huo kwa nusu dakika tu angeliona hilo kwa macho yake, awe Dar es Salaam au Newala.

Siku 18 baada ya kuipokea mkanitumia ile hukumu, pamoja na picha ya kuthibitisha kwamba kioo kimekufa. Nakuomba uitoe picha hiyo kwenye kumbukumbu zenu uiangalie wewe mwenyewe. Taa ya meza ya fundi inamulika kioo kwa ubavu, na kwenye kona ya juu kushoto zinaonekana alama za mafaili yangu, hafifu, moja likiwa lile la orodha ya wakulima. Ushahidi mlionitumia kunikatalia unathibitisha nilichowaandikia tangu mwanzo.

Nilikataa kulipa 430,000 nikaomba kompyuta yangu. Mkanitoza 35,000 ya uchunguzi kabla ya kuiachia, na 15,000 nyingine ya basi. Ilinifikia tarehe 13 Novemba ikiwa na skrubu 8 na stika ya muhuri imekatwa katikati. Ilitoka kwangu ikiwa nzima, picha ya tarehe 15 Oktoba ninayo. Nani basi aliyeifungua?

Katika mwezi huo, msimu ukiwa umepamba moto, kila jioni nilikuwa kwa yule mzee na kompyuta ya kuazima ya ofisi nyingine, nikiingiza upya kutoka kwenye vitabu majina niliyokwisha kuyaingiza. Kuna usiku nilitoka pale saa sita. Mke wa mzee alinifunikia chakula, wala hakuwahi kuniuliza nitamaliza lini. Siwadai fidia ya muda huo. Nataka tu mjue kwamba huku mwisho wa barabara, kompyuta iliyokaa kwenye rafu yenu siku 18 bila kuguswa ni kazi ya watu iliyosimama.

Tarehe 16 Novemba niliteremka Masasi kwa fundi mmoja. Kwa kuwa mlishaandika kwamba waranti haihusiki, na muhuri mlishaukata nyinyi wenyewe, nilimruhusu afungue mbele yangu. Kabla ya kushika bisibisi aliomba tochi. Kisha akainua mfuniko polepole, akasikiliza bawaba, akaniambia, "Mama, hii ni kebo." Alitoa betri kwanza ili asije akaunguza kitu, akabandua fremu ya plastiki inayozunguka kioo, na pale kwenye bawaba ya kushoto tukaiona: ganda la kebo limesagika kwa sababu halikuingizwa kwenye njia yake, lilikuwa limebanwa kati ya chuma cha bawaba na plastiki. Alama ya kubanwa ni ya muda mrefu, imeacha mfereji kwenye plastiki. Kebo haikuharibiwa na mtumiaji. Ilifungwa vibaya tangu kiwandani, au popote ilipofungwa kabla sijaitoa dukani kwenu.

Kebo nyingine ya aina hiyo iliagizwa Kariakoo, ikaja kwa 48,000, na ufundi 25,000. Tarehe 21 Novemba kompyuta iliwaka, na kioo ni kile kile mlichokiandikia cheti cha kifo. Barua hii naiandika nikikitazama. Nimeinua mfuniko mpaka mwisho wake, nimeushusha, nimeutikisa, hakuna kupepesa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na nayaomba kwa maandishi. Kwanza, mnirudishie 138,000: uchunguzi ambao haukufanyika 35,000, usafirishaji wa kwenda na kurudi 30,000, kebo na ufundi 73,000. Pili, mfute kwenye kumbukumbu zenu maneno kwamba niliiangusha na kuifungua, na waranti yangu iendelee mpaka 15 Juni 2025 kama kadi inavyosema. Hili la pili lina uzito kwangu kuliko fedha. Mimi ni mtunza hesabu za watu, na sijazoea kuandikwa mwongo. Tatu, skrubu yangu moja irudi.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi kilichonunuliwa kwayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha. Nikikosa jibu, nitapeleka barua hii na viambatanisho vyake vyote Tume ya Ushindani. Ningependa zaidi tumalizane sisi kwa sisi, maana vijana wawili wa ofisini kwetu walikuwa wanaulizia duka la kununua kompyuta na bado sijawajibu.

Najua si mimi peke yangu. Mteja wa Tandahimba au Nachingwea hawezi kuja kusimama juu ya kichwa cha fundi wenu. Akiambiwa kioo kimekufa, ataamini, atauza magunia yake mawili, atalipa. Na mkimwekea kioo kipya, kebo mnaichomoa na kuipanga upya, taa itawaka miezi michache, naye atawashukuru. Tafadhali wekeni tochi kwenye meza ya kila fundi, na kabla hajaandika "kioo kimekufa" aandike alichokiona kwa tochi, alichokiona kompyuta ikiunganishwa na televisheni au kioo kingine cha nje, na mfuniko ulikuwa kwenye pembe gani.

Kebo ya zamani nimeihifadhi kwenye bahasha, sehemu iliyosagika nimeizungushia uzi mwekundu. Mkimtuma mtu, au mkitaka niitume kwa basi, nitaitoa mara tu nitakapopata hati ya kuipokea yenye saini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mteja wenu, Newala
(jina kamili, saini na namba ya simu viko kwenye nakala ya risiti)

Viambatanisho: risiti ya EFD, kadi ya waranti, picha za tarehe 15 Oktoba na 13 Novemba, jibu lenu la 4 Novemba pamoja na picha yake, video ya mfuniko, risiti za basi, risiti ya fundi wa Masasi.